Kompyuta ya Zamani na Daftari Lake Dogo

Mtu aamkapo asubuhi hana haja ya kuulizwa jina lake, wala kuonyeshwa mikono yake iko wapi. Usiku alilala akasahau mambo yote. Lakini macho yakifunguka huijua nyumba yake, na watoto wake, na kazi iliyobaki jana. Kompyuta haikujaliwa hivyo. Kila iwashwapo huamka kama mgeni aliyeshushwa usiku katika bandari asiyoijua: haijui ina diski ngapi, wala ni za namna gani, wala leo ni siku gani. Hapana budi iambiwe. Na ikiisha kuambiwa huamini, hata kama iliyoambiwa si kweli.

Katika kompyuta za siku hizi kazi hiyo hufanyika upesi, tena kwa siri, mtu asione. Lakini katika kompyuta za miaka ya 1980 na ya mwanzo wa 1990 mwanadamu mwenyewe alikuwa na sehemu yake katika kazi hiyo, na akikosea aliweza kupotewa na mali nyingi.

Kompyuta ndogo ya kampuni ya IBM, ambayo makampuni mengi yaliiga mfano wake, ilitolewa mwezi wa Agosti mwaka wa 1981. Waliyoibuni walikuwa mafundi wa Boca Raton, katika jimbo la Florida huko Marekani. Mtu akifungua kifuniko chake aliona juu ya ubao mkuu safu mbili za swichi ndogo sana, kila safu swichi 8. Hizo ndizo zilizoipa mashine habari zake. Nyingine zilitaja idadi ya vyombo vya kusomea disketi, nyingine aina ya skrini, nyingine kiasi cha kumbukumbu. Mwenye kuongeza chombo kipya alizima umeme, akafungua skrubu, akasogeza swichi kwa ncha ya kitu chembamba, kisha akafunika tena.

Swichi zina sifa moja njema, nayo ni kwamba hazisahau. Umeme hata ukikatika mwaka mzima, swichi hubaki pale pale ilipowekwa. Lakini kila swichi ina maneno mawili tu, ndiyo na siyo. Basi swichi 16 haziwezi kusimulia mengi. Wala swichi haiwezi kuhesabu saa. Kwa hiyo kompyuta ile ilipowashwa iliuliza tarehe na saa kila siku, na mtu mvivu aliyepita bila kujibu alifanya kazi zake zote katika tarehe 1 Januari 1980. Ndiyo sababu faili nyingi za miaka ile zina tarehe hiyo moja, ijapokuwa mashine yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Mwaka wa 1984, mwezi wa Agosti, IBM ilitoa kompyuta nyingine, ikaiita AT. Ndani yake mlikuwa na chipu iliyobuniwa na kampuni ya Motorola, yenye kazi mbili: kuhesabu saa, na kuweka akiba ya maneno machache. Chipu hiyo ilikuwa na nafasi 64 tu. Nafasi hizo huitwa baiti, na kila baiti huweza kushika namba moja, tangu 0 hata 255. Baiti 14 zilikuwa za saa. 50 zilizobaki zikawa daftari la mashine. Ukurasa mmoja wa kitabu cha shule una herufi zaidi ya elfu. Basi msomaji na apime mwenyewe udogo wa daftari hilo. Chipu ilipewa betri yake peke yake, ili mashine ikizimwa saa iendelee kwenda na daftari lisifutike. Mafundi huliita daftari hilo simosi.

Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Kipo kitu cha pili kiitwacho bayosi. Bayosi ni programu iliyoandikwa kiwandani katika chipu nyingine, ambayo haisahau hata pasipo umeme. Tuseme bayosi ni mtunza ghala, na simosi ni daftari lake. Mtunza ghala ajua kusoma, ajua kuandika, ajua na kufungua mlango. Lakini asipotazama daftari hajui ghalani mna nini. Betri ikifa, mtunza ghala yu mzima. Daftari ndilo lililofutika. Mtu akisema, "Bayosi imefutika kwa sababu ya betri," fundi humwelewa, lakini hakusema sawa.

Katika ile AT ya kwanza, programu ya kuandika katika daftari ilikuwa katika disketi iliyouzwa pamoja na mashine. Aliyepoteza disketi hiyo alikuwa kama mtu mwenye sanduku asiye na ufunguo. Baadaye makampuni yaliyotengeneza bayosi kwa ajili ya wengine, kama vile Phoenix, Award na American Megatrends, yaliiweka programu hiyo ndani ya bayosi yenyewe, kukawa hakuna haja ya disketi.

Mlango wake hufunguliwa hivi. Mashine ikiwashwa, kwanza hujipima, na namba za kumbukumbu huonekana zikipanda juu ya skrini. Wakati huo ndipo kitufe hubonyezwa. Katika mashine nyingi zenye bayosi ya Award au ya American Megatrends ni kitufe kilichoandikwa Del. Katika nyingi za Phoenix ni F2. Kompyuta nyingi za Compaq zilitaka F10. Muda ni sekunde chache tu. Aliyechelewa hukuta mlango umekwisha kufungwa, naye hana njia ila kuanza upya. Wazoefu hawangoji, hubonyeza na kubonyeza tangu namba zianzapo kupanda.

Ukurasa utokeao mara nyingi ni wa buluu, una maneno ya Kiingereza, hauna picha. Vishale vya kibodi humpeleka mtu juu na chini, na katika nyingi ya mashine hizo Page Up na Page Down hubadili kilichoandikwa. Akimaliza hubonyeza F10, na mashine humwuliza kama kweli ataka kuandika; akijibu kwa herufi Y, daftari huandikwa. Mwanafunzi aingiaye mara ya kwanza yafaa alijue jambo hili, litamwondolea hofu: kabla ya Y ile, hakuna lolote lililobadilika. Aliyepotea njia na atoke bila kuandika, na mashine itakuwa kama ilivyokuwa.

Ukurasa wa kwanza una tarehe na saa, kisha vyombo vya disketi. Disketi zilizotumika sana zilikuwa za namna nne: zile pana za inchi 5.25, zilizochukua kilobaiti 360 au megabaiti 1.2, na zile ndogo za inchi 3.5, zilizochukua kilobaiti 720 au megabaiti 1.44. Mashine yaambiwa ni chombo gani kilichofungwa, nayo huendesha chombo kwa habari hiyo.

Mahali pengine huandikwa mashine ianze kutafuta wapi programu zake za kuanzia kazi: katika disketi, iitwayo A, au katika diski ngumu, iitwayo C. Mashine nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na amri ya kuanza na A. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilileta hasara. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Michelangelo, kilichogunduliwa mwaka wa 1991, kilijificha katika sehemu ya kwanza ya disketi. Mtu akisahau disketi ndani ya chombo jioni, asubuhi mashine ilianza kusoma hapo, na kirusi kikapata njia ya kuingia katika diski ngumu. Kilikaa kimya mpaka tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa yule mchoraji wa Italia mwenye jina hilo. Mashine ikiwashwa siku hiyo, kirusi kiliandika takataka juu ya mwanzo wa diski. Aliyekwisha kubadili daftari ili mashine ianze na C aliufunga mlango huo kwa kubonyeza vitufe vichache, bila kulipa hata senti.

Ziko pia namba za kuitia. Chombo kikiwa na habari, kama kibodi iliyobonyezwa, huita mashine kwa njia yake yenye namba. Kompyuta ya mwaka wa 1981 ilikuwa na njia 8. Ile ya 1984 ilikuwa na 16, lakini moja ilitumika kuunganisha nusu mbili, zikabaki 15. Kibodi ina namba 1, disketi namba 6, diski ngumu namba 14. Vyombo viwili vikipewa namba moja, mara nyingi kimoja hunyamaza au mashine husimama kabisa, kama darasa ambamo wanafunzi wawili wana jina moja na mwalimu hajui ni nani aliyeitika. Fundi huzima kimoja katika daftari, au hukipa namba nyingine.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika daftari hilo ni habari za diski ngumu, maana humo ndimo mlimo kazi ya mtu. Ndani ya diski ngumu mna sahani zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, kama sinia zilizotungwa katika mti, nazo huzunguka kwa kasi sana. Nyingi za zamani zilizunguka mara 3,600 kwa dakika. Kila uso wa sahani utumikao una kichwa chake cha kusomea na kuandikia, na vichwa vyote hushikwa na mkono mmoja, huenda mbele na kurudi nyuma pamoja. Kichwa kikisimama mahali pamoja, na sahani ikizunguka chini yake, hupita katika duara. Maduara yanayokabiliana katika nyuso zote huitwa silinda. Kila duara limekatwa vipande viitwavyo sekta, na kila sekta hushika baiti 512.

Basi mashine haina budi kuambiwa namba tatu: silinda ngapi, vichwa vingapi, na sekta ngapi katika kila duara. Katika orodha ya IBM diski ya aina ya 2 ilikuwa na silinda 615, vichwa 4 na sekta 17. Mwanafunzi ajuaye kuzidisha na afanye hesabu hii: 615 × 4 × 17 × 512. Atapata 21,411,840. Hiyo ndiyo diski ambayo watu waliiita ya megabaiti 20.

Pengine mtu atauliza kwa nini mashine isiiulize diski yenyewe. Diski za wakati ule hazikuwa na ulimi. Kwa hiyo bayosi ilikuwa na orodha ya aina za diski, na mtu alichagua namba ya aina yake; katika bayosi nyingi za baadaye orodha ilifika 46, na aina ya 47 iliachwa tupu ili mtu aandike namba zake mwenyewe. Diski zilizokuja baadaye ziliweza kujibu zinapoulizwa, na katika miaka ya 1990 bayosi zilianza kuwa na amri ya kuziuliza. Hata hivyo shida haikwisha mara moja. Namna ya kuhesabu iliyotumika haikuweza kupita silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti 528,482,304. Diski kubwa kuliko hiyo zilipotokea, ilibidi itungwe namna mpya ya kuhesabu, na ukurasa wa mipangilio ukaongezwa neno la kuichagua. Diski iliyoandikwa kwa hesabu moja, ikisomwa kwa hesabu nyingine, mara nyingi haisomeki.

Yafaa kuona jinsi kosa litokeavyo. Diski ile ya vichwa 4 ina sekta 17 chini ya kila kichwa. Sekta 17 za kwanza zimo katika uso wa kwanza, 17 zifuatazo katika uso wa pili; basi sekta ya 35 ndiyo ya kwanza katika uso wa tatu. Sasa mtu amekosea, ameandika vichwa 2 badala ya 4. Mashine ikitaka sekta ya 35 huhesabu nyuso mbili, 17 na 17, ambazo ni 34. Hudhani silinda imekwisha, huenda silinda ya pili. Huko hukuta sekta ambayo kwa kweli ni ya 69. Hakuna kilichoharibika katika diski, hata herufi moja. Ila mjumbe ametumwa nyumba isiyo yake. Mashine huona maneno yasiyolingana, huandika juu ya skrini kwamba diski haifai, nayo husimama.

Tuseme ni mwaka wa 1995, na karani wa chama cha ushirika ana kompyuta yenye diski ya aina ya 2. Ndani yake mna hesabu za msimu mzima: kila mkulima, kahawa aliyoleta, fedha alizopokea, na fedha anazodai. Ofisi ilifungwa majuma matatu. Karani arudi, awasha mashine, na mahali pa orodha ya wakulima aona maneno kwamba betri imekwisha na diski haionekani. Kijana mmoja ajuaye kompyuta kidogo atazama, atikisa kichwa, asema diski imekufa, dawa yake ni kuifomati, yaani kuitengeneza upya kama diski mpya.

Saa hiyo ni ya hatari. Diski haikufa, daftari ndilo lililofutika. Lakini ikifomatiwa, madai ya wakulima yatapotea kweli.

Betri ndicho kitu kidogo kilicholeta hayo yote. Katika mashine nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 betri ilitiwa risasi juu ya ubao, nayo ilijazwa kila mashine ilipowashwa. Mashine ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, betri hiyo huisha. Tena ina tabia mbaya zaidi: ikizeeka hutoka maji makali, yakala nyuzi nyembamba za shaba zilizo juu ya ubao, na mashine nyingi nzuri zimekufa kwa sababu hiyo. Baadaye ikaja betri bapa mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, ya volti 3, ambayo huweza kutolewa kwa kidole na hudumu miaka kadhaa. Betri hii ingali imo katika kompyuta nyingi hata leo. Lakini nyingi za siku hizi huandika mipangilio katika chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka, na betri huachiwa hasa kazi ya saa.

Betri inayokaribia kufa mara nyingi hutoa dalili. Saa huanza kuchelewa. Asubuhi moja tarehe huonekana imerudi nyuma miaka mingi. Mwenye busara hangoji dalili ya pili.

Lakini mashine hujuaje kwamba daftari limeharibika? Hujua kwa kujumlisha. Kila daftari liandikwapo, bayosi hujumlisha namba zilizomo, na jumla yake huiandika kando. Kama namba zilikuwa 40 na 2 na 15, huandika 57. Mashine ikiwashwa tena hujumlisha upya. Ikikuta 40 na 0 na 15, hupata 55, hulinganisha na 57, hujua kwamba daftari haliaminiki, nayo hutoa onyo na kumwomba mtu aingie katika mipangilio. Ni njia ileile ya mwenye duka ahesabuye fedha zake jioni na kuzihesabu tena asubuhi. Haijui ni namba gani iliyokosewa, wala haiwezi kuirudisha. Yajua tu kwamba iko.

Kwa hiyo fundi mwema, kabla ya mashine kupata shida, huingia katika kila ukurasa wa mipangilio na kunakili yaliyomo kwa kalamu juu ya karatasi, kisha karatasi huigandisha ndani ya kifuniko au huiweka palipo na vitabu vya mashine. Kuiandika habari hiyo ndani ya kompyuta yenyewe hakufai kitu, maana siku itakapotakiwa kompyuta haitafunguka. Karatasi ikikosekana, namba za diski hutafutwa juu ya kibandiko cha diski, au kwa ile amri ya kuuliza, kama bayosi na diski zinayo. Mtu akiwa hana uhakika, ajaribu namba hizi na zile, lakini wakati wa kujaribu asiandike chochote katika diski wala asiifomati.

Betri hubadilishwa hivi. Umeme huzimwa, na waya huchomolewa ukutani. Fundi hugusa kwanza chuma cha kasha ili umeme ulio katika mwili wake usiruke kwenye chipu. Hutazama alama ya kujumlisha iliyo juu ya betri imeelekea wapi, hutoa ya zamani, hutia mpya kwa upande uleule. Kisha huwasha mashine na kuingia katika mipangilio, maana betri mpya hailirudishi daftari. Huliwezesha tu kuandikwa tena.

Yule karani alimwambia kijana angoje. Akafungua saraka ya meza, akatoa kitabu cha mashine, na ndani yake akakuta karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa fundi aliyeifunga mashine ile zamani: disketi A, megabaiti 1.2, diski ngumu C, aina ya 2, silinda 615, vichwa 4, sekta 17. Betri mpya ilipokwisha kutiwa alibonyeza Del, akaandika tarehe ya siku ile, akaandika saa, akachagua aina ya 2, akalinganisha namba tatu za skrini na zile za karatasi moja moja. Akabonyeza F10, kisha Y. Mashine ikaanza upya, ikahesabu kumbukumbu yake, ikatoa mlio mmoja mfupi. Na orodha ya wakulima ikafunguka.